Usinunue inveta ya nyumba nzima, nunua ya biashara

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na wewe unayeuza kwa simu: mchele, vitenge, viatu vya mtumba, chochote.

Ukiulizia inveta, mafundi wengi watakuambia "chukua kubwa uwashe nyumba nzima." Mimi nakataa. Kwa muuzaji mdogo hiyo ni kuua mtaji. Chukua ndogo inayobeba biashara tu, hela inayobaki ongeza mzigo.

Tusidanganyane kwamba umeme hautakatika tena. Mitambo ya Kidatu, megawati 204, iko huku huku kwetu Kilombero, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa kwanza. Gridi ikipata hitilafu, kama ile ya usiku wa Aprili 1, 2024, kukaa karibu na bwawa hakukusaidii. Na sisi oda nyingi zinaingia jioni, watu wakishatoka makazini. Simu ikizima saa mbili usiku, mteja hasubiri, anahamia kwa mwingine.

Sasa piga hesabu. Taa mbili za LED wati 18, rauta wati 10, simu mbili zikiwa kwenye chaji wati 30. Jumla wati 58.

Betri ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi tumia nusu tu, 600, maana ukiikausha kila siku inakufa mapema. Inveta nayo inakula kidogo, baki na 500 hivi. Gawa kwa 58: zaidi ya saa nane. Unauza mpaka watu walale, na chaji inabaki.

Betri hiyo hiyo ukichomeka pasi ya wati 1,000, nusu saa tu kwisha habari. Kwa hiyo pasi, jagi la umeme na jiko visiguse inveta. Kama unauza juisi au aiskrimu, hapo friji ndiyo biashara na hesabu yako ni nyingine: friji ikianza kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, inveta ndogo inagoma.

Ukienda dukani:
- Usiuziwe betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi kuwasha injini, siyo kutumika taratibu usiku kucha.
- Lithiamu bei imesimama, ila unaitumia mpaka asilimia 80 na inadumu zaidi.
- Inveta iwe na chaja ndani, umeme ukirudi ijaze betri yenyewe.
- Fyuzi ikae karibu na betri. Betri ya maji usiiweke chumba cha kulala, ikichaji inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Atakayekuambia "ukianza na ndogo utanunua mara mbili," mjibu: sawa, ya pili nitanunua kwa faida. Usiku wa leo chukua karatasi, andika vitu vinavyokuingizia hela tu, jumlisha wati zake. Ndiyo inveta yako hiyo.