Mchanga umeenda, jua limebaki

Juzi nilikuwa nyumbani Taru, na jua la kule halina mchezo. Bibi ana sola moja juu ya paa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii imetengenezwa na nini?" Nikamwambia silikoni, yatoka Uchina. "Na sisi hatuna kitu?"

Kumbe tunacho. Mwaka 1991, huko Uswisi, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitengeneza seli ya jua kwa chembe za titani dioksaidi zenye upana wa nanometa chache tu. Nanometa ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Siri ni kwamba chembe zikiwa ndogo hivyo, nyuso zake kwa jumla zinakuwa kubwa mno, na rangi inayonasa mwanga inapata pa kushika. Ufanisi ulikuwa kama asilimia 7, chini ya silikoni, lakini utengenezaji wake ni rahisi zaidi.

Sasa, Base Titanium ilisafirisha madini ya titani kutoka hapa hapa Kwale kuanzia 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Yaliondoka ghafi, mengi yakaishia kwenye rangi za kupaka.

Sisemi mchanga wote ungekuwa sola. Seli inahitaji titani kidogo sana, na hapo ndipo panaponiuma: magunia machache na maabara moja ya chuo yangetosha kuanza kujifunza. Sisi watu wa programu twajua, data ghafi haina faida mpaka uichakate. Madini ni vivyo hivyo.

Bibi nilimjibu, "Tulikuwa nacho, tukakiuza." Wewe ungemjibuje?