Nani alipie chanjo ya mbwa wa Dodoma?

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Wataalamu walipoufuatilia, waliishia kwenye mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Simba ni utalii na utalii ni fedha, kwa hiyo wafadhili walipatikana na mbwa wa vijiji vile wakaanza kuchanjwa, distempa pamoja na kichaa cha mbwa. Walionufaika zaidi wakawa binadamu. Katika Wilaya ya Serengeti matukio ya kichaa kwa mbwa yalishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili, na idadi ya watu wanaoumwa na mbwa wagonjwa ikapungua mno.

Huku Dodoma, kwenye wilaya za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, hakuna simba wa kumwombea mbwa fedha. Mbwa wa Ugogoni analala nje ya zizi, anabwekea fisi usiku, na asubuhi anafuatana na mtoto anayechunga mbuzi. Hakamwi wala hachinjwi, na hapelekwi mnada wa Msalato ambako halmashauri ingemtoza mtu ushuru. Afisa mifugo wa kata mwenye fungu dogo ataanza na homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Simlaumu, maana hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kosa liko kwenye mpangilio wetu: ugonjwa unaoua watu tumeukabidhi kwa idara inayopimwa kwa nyama na maziwa.

Ukubwa wa tatizo hauonekani kwa sababu kichaa cha mbwa huua mmoja mmoja. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwaka 2006 na 2007, watu 144 walikufa nchini na Mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi. Mawaziri walisimama, biashara ya nyama ikadorora, kila redio ikawa inaitaja. Lakini makadirio yaliyochapishwa na watafiti mwaka 2002 yalionyesha kuwa kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, na kwamba vifo vinavyoandikwa kwenye vitabu vya hospitali ni sehemu ndogo sana ya hivyo. Wengi hufia nyumbani. Wengine hupewa jina la ugonjwa mwingine: huko Blantyre, Malawi, uchunguzi wa watoto waliokufa ulibaini kuwa baadhi ya waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo walikuwa na kichaa cha mbwa.

Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate ya mbwa mgonjwa. Akishauma, virusi hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari inayochukua wiki kadhaa hadi miezi, na huwa fupi zaidi jeraha likiwa usoni au kichwani, mahali ambapo watoto wadogo huumwa mara nyingi. Katika muda huo mtu ni mzima kabisa, na chanjo ikimwahi ataishi. Dalili zikishaanza, akaanza kukabwa na koo kila akiona maji, hakuna daktari wa kumrudisha.

Kinga ya kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa sababu sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaovifunika virusi. Ushauri huo ni rahisi kuutoa mahali penye bomba. Kwenye kijiji ambacho dumu la lita 20 hununuliwa na kubebwa kwa baiskeli mwezi wa Oktoba, mama anasuuza jeraha kwa kikombe kimoja, anapaka majivu au mafuta, anafunga kitambaa. Jibu lipo, na kila shule ya msingi inalijua: kibuyu chirizi. Dumu lililotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa kwenye mti linatosha kabisa kuosha mguu wa mtoto kwa dakika hizo 15. Sijui kwa nini tulifundisha watoto kibuyu chirizi kwa ajili ya choo tu, tukaacha kuwaambia kuwa kinaokoa pia aliyeumwa na mbwa.

Baada ya kuosha inabaki sindano, na hapo ndipo familia huanza kuuza mbuzi. Chanjo ya binadamu si ya kuchomwa mara moja. Mtu hurudi mara kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Zahanati nyingi hazina chanjo hiyo, hivyo kila dozi ina nauli yake ya kwenda wilayani au mjini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja aliyeumwa hugharimu wastani wa dola 108, ukijumlisha safari na siku za kazi zilizopotea. Chanjo ya mbwa mmoja, ikinunuliwa kwa wingi, haifiki dola moja.

Wako wanaosema mwenye mbwa alipie. Hoja hiyo ina haki yake, kwani anayefuga ana wajibu. Ila anayekingwa na sindano ile ni mtoto wa jirani anayepita njiani kwenda shule, na mfugaji aliyeambiwa atoe fedha kwa mbwa watano ataleta mmoja au asije kabisa. Mbwa wanne waliobaki nyumbani ndio watakaoendeleza ugonjwa. Surua hatuwatozi wazazi, kwa sababu kinga ya mtoto mmoja ni kinga ya kijiji kizima. Mbwa naye ahesabiwe hivyo hivyo.

Wengine wanataka mbwa koko wapigwe risasi. Mbwa wengi tunaowaita koko vijijini wana wenyewe, wanazurura tu. Kisiwani Bali, nchini Indonesia, walianza kwa kuua mbwa ugonjwa ulipoingia mwaka 2008, ukazidi kusambaa, hadi walipogeukia chanjo ya jumla. Ukimuua mbwa aliyechanjwa, nafasi yake huchukuliwa na asiyechanjwa.

Hoja inayonipa shida zaidi ni ile ya hospitali: fedha ni kidogo, basi zote ziende kwenye chanjo ya watu. Aliyeumwa leo hawezi kungoja kampeni, na dawa yake lazima iwepo. Lakini hospitali itaendelea kupokea majeruhi kila mwaka, bila mwisho, mradi ugonjwa unazunguka kwa mbwa. Na mzunguko huo ni dhaifu kuliko tunavyodhani: kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa wasiozidi wawili. Wakichanjwa asilimia 70, mnyororo unakatika. Pemba waliukata mwaka 2014, ukarudi 2016, wakachanja tena na kufikia 2018 ulikuwa umekwisha.

Kilichotokea Pemba kinatuhusu. Mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, na kila msimu watoto wapya huzaliwa. Kampeni moja ya mradi wa miaka mitatu huyeyuka mradi unapofunga hesabu. Mbwa wadogo nao wachanjwe, wasirudishwe nyumbani kama inavyofanyika mara nyingi. Joto si kisingizio tena: chanjo mojawapo inayotumika nchini imethibitika kubaki imara kwa miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na huko Mara watafiti wamejaribu kuihifadhi vijijini ndani ya vyungu vinavyopozwa kwa maji. Sindano hiyo ikiambatana na dawa ya minyoo itapunguza pia tegu wa mbwa, anayesababisha vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya binadamu pale mbwa wanapotupiwa matumbo ya mbuzi waliochinjwa nyumbani.

Wizara ya Afya, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na TAMISEMI zote sasa ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Kinachotakiwa ni kifungu cha kudumu cha chanjo ya mbwa ndani ya bajeti ya afya ya kila halmashauri, afisa mifugo akiwa mtekelezaji na mganga mkuu wa wilaya akiwa mwenye kujibu kuhusu asilimia iliyofikiwa. Dodoma ianze, kwa sababu iko jirani na wanaoamua. Mwaka wa fedha huanza Julai, wakati uwele na mtama vimeshavunwa na mifugo haijahamia mbali kutafuta malisho. Mbwa wako nyumbani, na watoto wanaweza kuwaleta kwa kamba hadi chini ya mbuyu wa kitongoji.