Skuli Iliyo Mlangoni Pako

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, alinijia kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa pamoja na mkewe, wakitaka nasaha. Binti yao wa kwanza atatimiza miaka 6 kabla ya Januari, na nyumba imegawanyika kwa ajili yake. Mume ataka kumpeleka skuli ya watu binafsi iliyo upande wa pili wa mji, ifundishayo dini na elimu ya dunia mahali pamoja. Mke ataka skuli ya serikali ambayo kengele yake huisikia akiwa jikoni.

"Maalim," alisema yule bwana, "mimi siogopi gharama. Naogopa mwanangu asije akapotea."

Mkewe akajibu pasina kuinua macho: "Na kodi ya nyumba twaiogopa kila mwisho wa mwezi."

Nami sikutaka kumcheka yule bwana, kwani hofu yake ina asili. Zama za Mwingereza skuli nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa wamishenari, na wazee wetu wengi waliona ni heri mtoto akose kalamu kuliko akose imani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka kufa kwake 1947, aliwasihi Waislamu wasiiache elimu ya kisasa, na wasiwanyime binti zao. Waliosikia walisikia. Waliobaki, watoto wao walikuja kuwa watu wa kwenda kuomba waandikiwe barua, na wa kutia kidole gumba penye haja ya sahihi.

Lakini hofu ya jana yataka kupimwa kwa hali ya leo. Skuli ya serikali leo si mali ya kanisa wala ya msikiti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza mtoto kubaguliwa kwa dini yake anapotaka kuingia skuli, na yakataza kumtahini ili kumkubali au kumkataa. Mtihani waruhusiwa tu kwa kujua aketi darasa gani. Na Elimu ya Dini ya Kiislamu imo ndani ya mtaala wa taifa tangu madarasa ya watoto wadogo.

Imo ndani ya mtaala, nimesema. Kuwamo ndani ya mtaala si kuwa na mwalimu wake, na hapa ndipo nilipomwambia yule bwana aielekeze hofu yake. Asiulize, "Je, skuli ya serikali ina dini?" Aende amuulize mwalimu mkuu: mwalimu wa dini yetu ni nani, afundisha madarasa mangapi, na kipindi hicho kikifika watoto wa Kiislamu huketi wapi? Kuna skuli ambazo jibu ni kuwa huketi chini ya mwarobaini wakingoja kipindi kiishe. Jibu likiwa hilo, wazazi na walishike jambo mbele ya halmashauri ya skuli, kwa adabu na bila kuchoka, kwani ndani ya halmashauri hiyo mna viti vya wazazi. Viti hivyo aghlabu twawaachia wengine, kisha twalalamika barazani.

Nisije nikadhaniwa naipamba skuli ya serikali. Januari 2003, ada za skuli za msingi zilipoondolewa, watoto waliokuwa kiasi cha milioni 5.9 mwaka uliotangulia walipindukia milioni 7, na msongamano wa siku zile katika skuli nyingi haujakwisha. Kiwango kilichowekwa na serikali baadaye kwa kila mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Zigawe kwa siku za mwaka uone. Hazifiki shilingi 4 kwa siku. Kwa hiyo mzazi asistaajabu akiona madawati hayatoshi.

Basi mtu achaguaje? Kwa macho yake. Zamani tulikuwa tukitazama orodha za alama za mtihani wa darasa la nane, lakini mtihani ule ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwenye kuchagua skuli kwa orodha zile achagua kwa habari za wafu. Nenda asubuhi usimame langoni, uone walimu wafika saa ngapi. Tazama vyoo, hususan vya wasichana, na kama pana maji ya kutawadha. Mwombe mtoto yeyote wa Gredi ya 3 unayemjua mtaani akusomee ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili. Akiusoma bila kukwama, amekwambia habari za skuli yake kuliko atakavyokwambia mwalimu mkuu. Kisha itembee njia yenyewe kwa miguu, kwa mwendo wa mtoto, uhesabu barabara za kuvuka. Na ukumbuke kuwa katika mpangilio wa sasa Gredi ya 7 mpaka ya 9 zimewekwa kwa sehemu kubwa katika viwanja vile vile vya skuli za msingi. Uchaguzi wako wa leo huenda ukawa wa miaka 9.

Ama mwenye uwezo wa kulipa skuli nzuri ya watu binafsi, na alipe, hana lawama. Neno langu ni kwa yule atakayelipa muhula wa kwanza kwa mkopo, wa pili kwa kuuza pete ya mkewe, na wa tatu mtoto akarudishwa nyumbani mbele ya wenziwe.

Na kuna jamaa wasiochagua hii wala ile. Husema mtoto akhitimu chuoni kwanza, ndipo aingie skuli. Mtoto huyo huingia Gredi ya 1 akiwa na miaka 9, akaketi na wadogo zake, akaona haya. Na akiwa ni msichana, kufika Gredi ya 5 amekuwa mwanamwali na nyumbani wameanza kumtazama kwa jicho jingine. Chuo kina saa zake baada ya alasiri, na Jumamosi nzima ipo. Waalimu wetu wa chuo walitusomesha hivyo hivyo, wala hatukuambiwa tuchague.

Yabaki makaratasi. Skuli itataka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na nakala za vitambulisho vya wazazi. Cheti ndicho kiwasumbuacho watu wetu, hasa watoto waliozaliwa nyumbani. Uzazi waandikishwa ndani ya miezi 6. Ukipita hapo huitwa uandikishaji wa kuchelewa, na mlolongo wake ni mrefu. Na majina! Mjukuu wangu chuoni ni Muhammad, katika kadi ya kliniki ni Mohamed, na katika cheti aliandikwa Mohammed. Nimekwenda ofisi moja mara tatu kwa ajili ya herufi moja. Jina la kwenye cheti ndilo litakalomfuata mpaka mtihani wa mwisho, basi lisomeni kabla hamjaondoka dirishani.

Mkiombwa pesa, jueni kuwa skuli ya serikali haina ruhusa ya kutoza ada ya masomo. Michango mingine yahitaji idhini ya wakubwa na stakabadhi rasmi, na mtoto hafukuzwi kwa kuwa mzazi hakuweza kuilipa. Ulizeni stakabadhi kwa upole.

Yule bwana alikwenda Jumatatu. Alirudi akanipa habari kuwa darasa lina watoto 58, na mwalimu wa dini ni mmoja kwa skuli nzima. Hakufurahi kwa hesabu zile, wala sikumwambia afurahi. Lakini jina la binti amelipeleka, na ameuliza mkutano wa wazazi ni lini. Fedha alizotenga kwa nauli, mkewe amekwisha kuzipangia: viatu, na ada ya mwalimu wa chuo. Wangoja cheti tu, kwani jina la babu limepungua herufi.