Masika hayaji kwa kushtukiza

Binti wa kaka yangu anaishi Dodoma. Juzi alinipigia simu, na baada ya shikamoo akaniuliza: "Shangazi, nakuja Dar mwezi wa nne kwenye harusi. Huko Aprili hali ya hewa ikoje, nije na nguo gani?" Nilimjibu kwa dakika kumi nzima. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa, maana niliyomwambia yanatuhusu zaidi sisi tunaoishi hapa kuliko yeye anayepita.

Mchana joto hufika nyuzi 30 au 31, usiku hushuka hadi 22 au 23. Ukikumbuka jua la Februari utasema afadhali, lakini fukuto la Aprili ni jambo jingine. Nguo ulizoanika Jumatatu, Jumatano bado zina ubichi na zimeanza kuvunda. Chumvi inalowa ndani ya kopo mpaka unaikwangua kwa kijiko. Viatu vya ngozi vilivyokaa chini ya kitanda vinaota ukungu mweupe. Halafu mvua: Aprili ndiyo kilele cha masika, na kwa wastani Dar es Salaam hupata milimita kama 250 katika mwezi huo mmoja. Mvua ya Dodoma yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki 600.

Hizo milimita ni vizuri tuzipime kwa ndoo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Bati la nyumba yangu hapa Kigogo ni kama mita 40 za mraba, kwa hiyo Aprili ya kawaida huniletea juu ya paa lita 10,000, yaani simtanki kumi za lita elfu moja. Sasa hesabu mabati yote kutoka Pugu hadi daraja la Selander, ongeza lami, ongeza nyua zilizosakafiwa saruji ambazo hazinywi hata tone. Maji yote hayo yanautafuta Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini pale Selander. Mvua kubwa ikigongana na bamvua, bahari imejaa na mto hauna pa kumwaga. Maji yanarudi kwetu.

Hakuna siri katika haya. Mwishoni mwa Machi jua huvuka ikweta kwenda kaskazini na ukanda wa mvua hulifuata. Kaskazi inalegea, kusi inaanza kushika. Mvuvi yeyote wa Feri anaijua kalenda hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutangaza mwelekeo wa masika kabla ya msimu kuanza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, mtu anaweza kusema yalitukuta bila kutarajia, kwa kuwa vuli haina mazoea ya kumwaga kiasi kile. Lakini Aprili 2014? Aprili 2018? Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua. Mwezi ni ule ule, na bado tunaita dharura.

Nitasimulia la mtaani kwetu. Mwaka jana mkandarasi alikuja kuzibua mtaro wetu mwishoni mwa Machi. Vijana walifanya kazi siku tatu, wakatoa chupa, magunia, matairi, tope jeusi lenye harufu kali, vyote wakavirundika ukingoni, hatua moja kutoka kwenye mtaro. Tuliuliza gari la kuzoa linakuja lini, tukaambiwa wiki ijayo. Mvua ilitangulia. Saa tisa usiku nilisikia jirani yangu anayekaanga maandazi akigonga ukuta. Nilipofika kwake maji yalikuwa magotini, tope lile lile tulilolijua kwa harufu, na yeye amesimama juu ya stuli, kiroba cha unga kichwani, kingine kimeshapasuka na unga unaelea mweupe hadi mlangoni. Ule unga ulikuwa mtaji wake wote. Alikaa wiki tatu bila kuwasha jiko.

Na lipo letu wenyewe, ambalo halimhusu mkandarasi wala serikali. Wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu maji yale yanaingia kwenye chumba ambamo mtoto wa mwenzako amelala chini, na kipindupindu hakiulizi aliyetapisha ni nani.

Mradi wa bonde la Msimbazi una daraja jipya pale Jangwani, nami nalifurahia, maana kila Barabara ya Morogoro inapofungwa mji unakatika vipande viwili. Ila daraja halitazibua mtaro ulio nyuma ya nyumba yangu. Hiyo ni kazi ya mtaa: mapema, kabla masika hayajakaribia, mwenyekiti aitishe mkutano, mitaro itajwe mmoja mmoja, na mkandarasi asilipwe mpaka udongo wa mwisho umeondoka ukingoni.

Binti wa kaka yangu nimemwambia aje na kanda mbili, koti la mvua na nguo nyepesi zinazokauka haraka, na afike siku moja kabla, kwa kuwa asubuhi ya mvua huwezi kujua daladala itakufikisha saa ngapi. Nimemwomba pia awaambie wenye harusi wahamie ukumbini.

Kwako msomaji uliye serikali ya mtaa, au unayemfahamu aliye huko: mvua za vuli zikikatika, kabla masika hayajaanza tunapata kiangazi cha Januari na Februari. Mitaro ikiwa mikavu ndipo inapochimbika. Itisheni mkutano Januari.