Vyombo vya Kuzungusha Hewa katika Motokaa

Ndugu watumishi, twaona wenzetu wengine wakitoa mshahara kununua vyombo vya bati vya kuzungusha hewa iingiayo katika injini, kwa kuahidiwa nguvu zaidi na petroli kidogo. Sisi hatukubali. Injini huhitaji kadiri ya ratili 14.7 za hewa kwa ratili 1 ya petroli, nayo huivuta yenyewe. Bati lililosimama njiani haliongezi hewa, bali huizuia. Huko Marekani idara ya Serikali ya kulinda mazingira, EPA, imepima vyombo zaidi ya 100 vilivyosifiwa kupunguza petroli; vilivyofaa ni vichache mno, tena kwa kadiri ndogo. Afadhali tununue chujio jipya la hewa, tujaze magurudumu upepo ipasavyo, na fedha isaliayo iwalishe watoto.