Askari wa plastiki kando ya kitanda cha mtoto

Wiki hii tunazungumza juu ya watu wazima wanaojitengenezea mavazi ya askari wa filamu, kisha wanayavaa na kwenda kuwasalimia watoto wagonjwa. Atakayesikia hivyo mara ya kwanza atauliza kama watu hao hawana kazi nyumbani. Lakini tusiwacheke upesi. Ndani ya mchezo wao kuna mafundisho ambayo kikundi chochote cha wamama kinaweza kuyatumia.

Tuanze na filamu yenyewe. Mwaka 1977 ilitoka Marekani filamu ya Star Wars ya George Lucas, hadithi ya vita kati ya nyota. Ndani yake kuna utawala mbaya wenye askari wanaoitwa Stormtrooper. Ni weupe tangu kichwani hadi miguuni, na sura zao hazionekani. Wana dirii kifuani na chepeo kichwani, maneno ambayo wengi wetu tunayajua kutoka barua kwa Waefeso. Ila dirii hiyo si ya chuma, ni ya plastiki. Mchongaji Mwingereza Brian Muir alichonga maumbo yake, kisha karatasi ngumu za plastiki zikapashwa moto na kuvutwa juu ya maumbo hayo mpaka zikayashika.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1997, wanaume wawili wa jimbo la South Carolina, Albin Johnson na Tom Crews, walianzisha kikundi cha wapenzi wa mavazi hayo. Albin alikuwa amepoteza mguu baada ya ajali ya gari. Kikundi chao kinaitwa 501st Legion, na leo kina wanachama zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi, wanaume kwa wanawake. Wanavaa kama watu wabaya wa filamu, lakini wamejiwekea kazi ya kutenda mema. Hawalipwi. Mtu akitaka kuwapa kitu kwa ajili ya kufika kwao, wanamwomba akitoe kwa shirika la msaada. Kampuni ya Lucasfilm, yenye haki za filamu, inawaachia waendelee mradi wasifanye biashara.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, maana hapo ndipo wamama wanaoshona watawaelewa. Hakuna duka unakoingia na kutoka umevaa. Mwanachama mpya ananunua au anatengeneza vipande vya plastiki vya kifua, mgongo, mabega, mikono, mapaja na miguu. Vinakuja vikiwa na kingo mbaya, na ni vikubwa kuliko mwili wake. Anapima, anakata kidogo, anapima tena. Anasugua kingo kwa msasa zisimkwaruze. Anaunganisha kwa gundi na kubana kwa vibanio au sumaku, kisha anaacha ikauke hata siku nzima kabla ya kugusa kipande kingine. Kipande kilichopinda vibaya kinatiwa katika maji ya moto ili kikubali umbo jipya. Ndani kunashonwa mikanda ya lastiki na vifungo vya kubana, vya kushikilia vipande visianguke wakati wa kutembea. Kazi hii inachukua majuma, mara nyingi miezi, na gharama inaanzia mamia ya dola na inaweza kupita elfu.

Wanaojua tayari hawamwachi mgeni peke yake. Wanakusanyika siku moja nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na vifaa vyake. Mwenye uzoefu anashika kisu, mwingine anampima mwenzake mgongoni mahali ambapo mtu hawezi kujipima. Sisi tunajua likelemba ya pesa, ambapo leo zamu ni yangu na kesho ni yako. Hiyo yao tungeiita likelemba ya mikono.

Mwisho kunakuja mtihani. Mwanachama anapiga picha za vazi lake mbele, nyuma na pembeni, na msimamizi analinganisha kila kipande na orodha iliyoandikwa ya vazi hilo. Katika filamu ya kwanza kofia za askari hazikuwa sawa zote. Nyingine zina matundu sita mdomoni, nyingine nane. Kwenye mguu wa kushoto goti lina kipande cha ziada, la kulia halina. Ukikosea, unaambiwa ukarekebishe, kisha ulete picha tena.

Kuna mama atauliza: mtoto mgonjwa atahesabu matundu ya kofia? Pengine hatahesabu. Lakini mtoto aliyeangalia filamu mara 30 akiwa kitandani anamjua askari huyo kuliko sisi watu wazima. Akiletewa kitu cha ovyo ataona mara moja kwamba wamemletea mjomba aliyevaa sanduku. Akiletewa kilicho sawasawa, kwa dakika chache atasahau sindano, maana yule wa kwenye filamu amekuja kwake, tena amemjua kwa jina. Ukali wa orodha ile ni heshima kwa mtoto. Ni sawa na sisi tunaposhona kikwembe cha kikundi kwa tarehe 8 mwezi wa tatu. Hatukubali mmoja avae cha kushonwa haraka haraka, kwa sababu tunataka kila mama asimame katika mstari bila aibu.

Jambo la pili ni macho. Aliyevaa kofia ile anaona mbele kidogo tu. Haoni miguu yake, wala mtoto wa miaka miwili aliyesimama mbele ya goti lake. Anasikia vibaya, anatoka jasho, hawezi kuketi vizuri wala kuokota kilichoanguka. Kwa hiyo kila wanapotoka, wanafuatana na mwenzao asiyevaa kitu. Huyo ndiye anayeshika mkono kwenye ngazi, anayeleta maji, anayesema "simama, kuna mtoto chini." Hapigwi picha, na watu hawamkumbuki. Lakini bila yeye, askari mzuri angeweza kumkanyaga mtoto aliyekuja kumfurahisha. Kila kikundi kina wamama wa namna hiyo: anayehesabu viti, anayeangalia mlango, anayebaki kuosha vyombo. Tuwataje kwa majina siku ya mkutano.

Tuseme pia juu ya wanawake wenyewe. Katika filamu ya mwaka 2015, The Force Awakens, kuna mkubwa wa askari anayeitwa Captain Phasma, mwanamke, ambaye alichezwa na Gwendoline Christie. Dirii yake haikutengenezwa kuonyesha umbo la mwili. Ni dirii ya kazi kama ya askari wengine. Wanawake wa vikundi hivi wanaivaa, na wengine wanavaa ile nyeupe ya kawaida wakiikata ifae urefu wao. Ukishafunga kofia, hakuna anayejua kama ndani ni mama wa watoto wanne au kijana wa chuo.

Sasa tufike kwenye habari iliyo nzito. Albin Johnson alikuwa na binti aitwaye Katie. Katie alipatwa na saratani ya ubongo. Katika filamu ya mwaka 2002 mashine ndogo inayoitwa R2-D2 inakesha chumbani ikimlinda Padmé akiwa amelala, na familia ikatamani Katie naye apate mlinzi kama huyo. Watu wa kikundi kingine, wanaotengeneza mashine hizo kwa mikono yao, wakakubali kumtengenezea moja ya rangi ya waridi. Iliitwa R2-KT, kwa maana herufi hizo mbili za mwisho zikisomwa kwa Kiingereza zinatoa jina lake. Mashine ya rangi hiyo ilimfikia angali hai. Katie alifariki mwezi wa nane mwaka 2005, akiwa na miaka 7.

Hatuwezi kuifanya habari hii iwe tamu kuliko ilivyo. Vazi halikumponya mtoto, wala mashine. Mama na baba walizika. Lakini katika siku zile za mwisho, mtoto alijua kwamba watu wasio ndugu zake walikesha wakipaka rangi kwa ajili yake. R2-KT inaendelea kutembelea watoto wagonjwa, na ilionekana hata katika filamu ile ya mwaka 2015. Mama aliyewahi kulala chini kwenye sakafu ya hospitali anajua kwamba saa moja ya kucheka si kitu kidogo.

Je, tuige? Tuseme wazi. Hapa kwetu wako watoto waliokimbia vita. Kwao mtu aliyefunika uso na kushika bunduki si mchezo hata kidogo, hata bunduki ikiwa ya plastiki. Askari mweupe tumwache kwa watoto wanaomjua na kumpenda. Tunachoweza kuchukua ni namna ya kazi yao. Kikundi kinachotaka kutembelea watoto hospitalini kianze hivi:

Kwanza, ombeni ruhusa kwa mganga mkuu na kwa mama wa mtoto, tena mapema. Mwenye mafua abaki nyumbani.

Pili, muulizeni mama mtoto wake anapenda nini: mnyama gani, wimbo gani, rangi gani. Kisha mkitengeneze vizuri. Mwanasesere wa vitambaa alioshonwa kwa uangalifu anashinda vitu kumi vya haraka.

Tatu, pesa isitoke kwenye chakula cha nyumbani. Vipande vya vikwembe vinavyobaki kwa mafundi wa kartie vinatosha kuanzia.

Nne, chagueni mmoja asiyebeba kitu, awe macho ya wengine. Mtoto akionyesha uchovu au hofu, yeye ndiye atakayesema twende. Na akisema, wote waondoke bila kubishana.

Kikundi kitakachojaribu kituandikie: mlishona nini, na mtoto alisemaje. Tutachapisha kwa ruhusa ya mama yake. Tukutane wiki ijayo.