Esanse na hewa: kabureta ya pikipiki za mashindano

Pikipiki haiendi kwa esanse. Yaenda kwa hewa iliyochanganywa na esanse kidogo, na mwenye kulifahamu neno hilo amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kabureta. Ili kilo moja ya esanse iungue vema, yahitaji hewa karibu kilo 15. Hewa ikizidi, injini hupata joto kali na kukosa nguvu. Esanse ikizidi, moshi huwa mweusi na buji hujaa masizi.

Juma hili tunachukua kwa mfano kabureta za mashindano, hasa Keihin FCR ya Japani. Yamaha iliifunga katika YZ400F ya mwaka 1998, pikipiki ya mapigo manne iliyotengenezwa kwa kuruka vilima na kupita matopeni. Kabureta kama hii haina siri ambayo haimo katika kabureta ndogo ya pikipiki ya taksi. Tofauti ni kwamba katika mashindano kosa dogo laonekana mara moja.

Esanse hushuka kutoka tangi kwa uzito wake hadi bakuli iliyo chini ya kabureta. Humo mna boya. Bakuli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano fupi inayoziba njia. Esanse ikipungua, boya hushuka na njia kufunguka. Jambo hili ni dogo, lakini mafundi wengi hulipita haraka kupita kiasi. Kimo cha esanse katika bakuli kikiwa si sawa, sehemu nyingine zote hupimwa bure. Na chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya ile sindano, esanse hufurika. Humwagika nje karibu na bomba la moshi lenye moto, ama huteremka ndani ya injini na kuifanya oili kuwa nyepesi kama maji.

Sasa, ni nini kinachoipandisha esanse kutoka bakuli hadi njia ya hewa? Watu husema injini huifyonza. Tusadiki neno lililo sahihi zaidi: husukumwa. Hewa ipitayo penye koo jembamba huongeza mwendo, na msukumo wake hupungua. Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliandika habari hiyo mwaka 1797. Lakini hewa iliyo juu ya esanse katika bakuli ingali na msukumo wake wote, basi yaisukuma esanse juu. Ndiyo maana ule mpira mdogo wa kupumulia ukizibwa na tope, injini huzimika ingawa tangi limejaa.

Esanse haipandi kwa njia moja tu. Gesi ikiwa imefungwa, ama imefunguliwa kidogo sana, hupita katika jeti ndogo ya mwendo wa pole. Toka robo hadi robo tatu, mwenye amri ni sindano ndefu iliyofungwa katika mlango wa hewa: imechongwa nyembamba kuelekea ncha, na kadiri mlango unavyopanda, ndivyo nafasi kandokando yake inavyoongezeka. Gesi ikifunguliwa yote, jeti kubwa ndiyo inayopima.

Juu ya jeti kubwa vijana hudanganyika sana. Katika Keihin, na vilevile Dell'Orto ya Italia, namba iliyopigwa juu yake ni upana wa tundu: 180 maana yake milimita 1.80. Bali Amal ya Uingereza ilihesabu sentimita za ujazo za esanse zinazopita kwa dakika moja. Basi 180 ya huku si 180 ya kule, na kubadilishana jeti kwa kusoma namba tu ni kubahatisha. Tena, kutoka 180 hadi 190 huonekana kama hatua ndogo, lakini nafasi ya tundu imeongezeka kwa sehemu 11 katika 100. Mwenye kutoboa jeti kwa waya wa chuma, akitumaini mbio, hajui ameongeza kiasi gani, wala hawezi kurudi nyuma.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kupunguza. Katika injini ya mapigo mawili oili huja pamoja na esanse. Jeti ikiwa ndogo mno, joto lapanda na oili yapungua kwa wakati uleule. Pistoni hushika ukuta wa silinda, na gurudumu la nyuma husimama ghafula pikipiki ikiwa mbioni. Ndiyo sababu waendeshaji wa mashindano hayo walizoea kuweka vidole juu ya klachi daima. Hawakufanya hivyo kwa madaha.

FCR ina kitu kingine kinachostahili kutazamwa: pampu ya kuharakisha. Mpanda pikipiki akifungua gesi yote kwa mara moja, hewa huingia mara, lakini esanse, iliyo nzito, huchelewa. Kwa kitambo hicho injini hukohoa, na mtu aliye hewani juu ya kilima hana nafasi ya kukohoa. Kwa hiyo fimbo husukuma kiwambo cha mpira, nacho hurusha mchirizi wa esanse moja kwa moja katika njia ya hewa. Mchirizi huo sharti upite bila kupiga mlango. Ukiupiga, hugeuka matone makubwa yasiyoungua vizuri. Kabureta za barabarani ambazo mlango wake huinuliwa na hewa yenyewe hazihitaji pampu, kwa maana mlango hungoja injini iwe tayari.

Tangu miaka ya 2008 hadi 2010 viwanda vikubwa vya Japani vilianza kuacha kabureta katika pikipiki zao kubwa za matopeni, vikaweka mashini ya kupulizia esanse kwa umeme. Mashini hiyo hujipimia hata wembamba wa hewa. Kabureta haijui. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika saba kuliko ile ya pwani. Jeti iliyochaguliwa pwani huku itatoa esanse kupita kiasi.

Anayetaka kujua sehemu ipi ina kosa, afunge kipande cha utepe juu ya mshiko wa gesi na kutia alama ya robo, nusu na robo tatu. Kisha aende barabara iliyo tupu, na injini ikikosa nguvu aangalie alama: chini ya robo, asafishe jeti ndogo, katikati, atazame sindano, juu kabisa, jeti kubwa. Ikiwa yakosa nguvu mahali pote, afungue kwanza bakuli na kupima boya.